Nimeokoka, lakini Deni Sijalipa

Muhula uliopita, Ijumaa moja usiku, kijana mmoja alisimama mbele ya ushirika wetu wa wanafunzi Wakristo akatoa ushuhuda. Alikuwa mweka hazina wetu. Alisema Bwana asifiwe, tukajibu Amina. Akasema tena, tukajibu kwa sauti kubwa zaidi. Akaeleza kwamba adui alikuwa amemshika katika mambo ya fedha, kwamba alipotoka, fedha zikapotea, lakini usiku wa Jumatano katika maombi damu ya Yesu ilimwosha na sasa yuko huru. Alilia. Wengi walilia pamoja naye. Mpiga kinanda akaanzisha wimbo, tukasimama, tukapiga makofi. Mimi nilikuwa safu ya pili, nami nikapiga.

Hayo "mambo ya fedha" yalikuwa shilingi 640,000. Tulizichanga sisi wenyewe, elfu mbili mbili, elfu tano tano, wengine wakiacha chakula cha mchana, ili kumlipia karo dada mmoja wa mwaka wa pili ambaye baba yake alikuwa ameugua na kuacha kazi. Fedha hazikufika. Dada yule hakupewa kibali cha kuingia katika chumba cha mtihani, akapoteza muhula mzima, akapanda basi kurudi kwao. Usiku ule wa ushuhuda hakuwapo. Hakuna aliyemtaja. Kijana wetu hakusema atalipa lini, wala hatukumwuliza. Wiki iliyofuata alikuwa mbele akiongoza maombi.

Nataka kubishana na Ijumaa ile. Sibishani na machozi ya kijana, kwa sababu naamini yalikuwa ya kweli. Nabishana na sisi tuliokuwa tumekaa, na mafundisho yaliyotufanya tuone kwamba jambo limekwisha. Nasema kwamba wokovu usiomfikia mtu uliyemdhulumu bado haujakufikia wewe pia, hata ukiwa na tarehe, saa na mashahidi mia mbili.

Nianze na neno lenyewe, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Kitenzi okoa kinamtaka mtendaji na mtendwa. Ukisema nimeokolewa, msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Ukisema nimeokoka, swali hilo halina mahali pa kukaa. Ni kauli ya kutendeka: kikombe kimevunjika, mlango umefunguka, mimi nimeokoka. Sisemi kwamba walokole wa kwanza walilichagua neno hili ili wamkwepe Mungu. Kwetu Uganda, Kiganda kina okulokoka, umbo la namna hiyohiyo, na ndiko Kiswahili kilikopata mlokole na walokole. Walilitumia kwa heshima. Lakini tazameni jinsi sarufi hii inavyotufaa sisi wa leo. Katika ushuhuda ule kijana hakusema "niliiba". Alisema fedha zilipotea na yeye alipotoka. Mambo yalitokea tu, kama mvua. Yambwa pekee katika hotuba nzima ilikuwa yeye mwenyewe: damu ilimwosha. Dada wa mwaka wa pili, ambaye ndiye aliyetendwa, aliachwa nje ya sentensi.

Kuna jambo jingine ambalo mhadhiri wetu wa mofolojia hachoki kulirudia, nami nilidhani ni la mtihani tu. Kiambishi -me- hakifanyi kazi ya -li-. Ukisema chai imepoa, unanieleza habari ya chai iliyo mbele yako sasa. Ukiipasha moto tena, huwezi kushikilia kwamba imepoa kwa kuwa ilipoa asubuhi. Basi anayesema nimeokoka haelezi habari ya Jumatano usiku. Anadai jambo juu ya hali yake ya leo, na jambo la leo linaweza kukaguliwa leo. Sisi tumeigeuza -me- kuwa -li-. Tunaulizana "uliokoka lini?" na kila mmoja ana tarehe yake kama tarehe ya kuzaliwa. Ninaye rafiki aliyeokoka mara tatu, na kila mara tarehe inabadilika, wala hakuna anayeona kwamba hapo pana swali.

Tena neno wokovu limeumbwa kama utulivu, usikivu, uvumilivu. Haya ni majina ya hali inayokaa ndani ya mtu na kuonekana katika mwenendo wake. Sijawahi kumsikia mtu akisema alipata uvumilivu tarehe 14 Agosti saa tatu usiku, na kwamba tangu hapo hahitaji kuvumilia.

Asije mtu akanijibu kwamba najenga teolojia juu ya sarufi ya Kiswahili. Paulo mwenyewe hakubaki katika wakati mmoja. Kwa Waefeso anasema wamekwisha kuokolewa. Kwa Wakorintho, katika waraka wa kwanza sura ya 1, anasema juu ya watu wanaookolewa, jambo linaloendelea. Kwa Warumi sura ya 5 anasema tutaokolewa, jambo linalokuja. Nyakati zote tatu zimo katika Kigiriki chake na tafsiri zetu zimezihifadhi vizuri. Ni sisi tuliochagua mmoja tukaufanya cheti.

Najua jibu ninaloandaliwa, kwa sababu nimelipewa tayari. Nilipomwendea kiongozi mmoja wa ushirika kumwuliza habari ya fedha, alinifungulia Waefeso 2 mstari wa 8 na wa 9: ni kwa neema, si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Akaniambia, kwa upole sana, kwamba nataka kumrudisha ndugu yetu chini ya sheria. Nilikosa la kusema. Nilirudi hosteli nikasoma mstari wa 10, ambao hakunisomea. Pale Paulo anasema tumeumbwa katika Kristo kwa ajili ya matendo mema ambayo Mungu aliyatengeneza tangu awali ili tuyaendee. Ni sentensi ya hoja ileile, lakini tangu shule ya Jumapili tumekaririshwa mistari miwili na kuambiwa tufunge kitabu. Sijui ni wangapi kati yetu waliowahi kuombwa kukariri wa tatu.

Hata Martin Luther, ambaye alitupigania neema hii, aliudharau waraka wa Yakobo katika dibaji yake ya Agano Jipya la Kijerumani mwaka 1522, akiulinganisha na mabua. Lakini alipigana na kanisa lililouza vyeti vya msamaha kwa fedha. Hasira yake ilikuwa juu ya watu waliodhani wanaweza kulipa mahali ambapo hapana deni la kulipika. Ugonjwa wetu umegeuka upande wa pili. Tunakataa kulipa mahali ambapo deni lipo, lina kiasi, na mdai ana namba ya simu. Kumtumia Luther kulifunika hilo ni kumwonea mzee wa watu.

Twende kwa Zakayo, ambaye kila mtoto wa Kikristo Afrika Mashariki anamjua kwa sababu ya mkuyu. Tunamwimba juu ya mti na tunamwacha hukohuko. Yesu alimwita kabla hajalipa chochote. Hilo ndilo neema, na silipunguzi hata kidogo. Aliingia katika nyumba iliyojengwa kwa fedha za dhuluma akala chakula chake. Lakini tangazo kwamba wokovu umeingia nyumbani humo halikutoka Zakayo alipoteremka mtini, wala alipofurahi. Lilitoka baada ya kusimama na kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa kurudishiwa mara nne. Hesabu hiyo nayo si ya kubahatisha. Torati, katika Hesabu sura ya 5, ilimtaka mtu aungamaye dhuluma yake arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Mara nne ilikuwa hukumu ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumwuza, katika Kutoka 22. Zakayo, ambaye hakuna aliyemkamata, alijihukumu kama mwizi aliyekamatwa. Aliacha kusema fedha zilipotea.

Na yule aliyefundisha mlimani alisema ukiwa madhabahuni na sadaka yako mkononi, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo uende kwanza. Sisi tungemwambia huyo ndugu asubiri, ibada inaendelea.

Sasa nije kwetu, kwa sababu kuna watu wanaodhani nimeyatoa mawazo haya katika vitabu vya Wazungu. Babu yangu alikuwa mlokole wa Kigezi. Aliokoka katika miaka ya 1950, akiwa kijana mwenye kazi ya kutunza ghala katika makao ya gombolola. Baba anasimulia kwamba siku tatu baada ya kuungama alitembea hadi kwa mkuu wake akiwa amebeba majembe mawili na shoka, akaviweka chini mezani akasema: hivi niliviiba. Mkuu alidhani kijana amerukwa na akili. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni mkuu, akamfungia siku mbili. Babu alipotoka alikuwa hana kazi. Bibi alimkasirikia kwa muda mrefu, na katika familia yetu bado kuna mabishano kama shoka lile lilikuwa la gombolola kweli au aliliongeza kwa bidii ya wokovu.

Babu hakuwa wa ajabu. Uamsho uliomfikia ulianza katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, baada ya daktari Mwingereza Joe Church kukutana Kampala na Mganda Simeoni Nsibambi mwaka 1929. Kutoka hapo uliingia Kigezi, Ankole, Buganda, Burundi, ukavuka hadi Tanganyika na Kenya. Kila ulikofika, alama yake ilikuwa hiyohiyo: watu wakirudisha vitu. Watumishi walirudisha sukari na vijiko kwa mabwana zao, wafanyakazi walirudisha nyundo, wanaume walikwenda kuungama kwa watu waliowadanganya. Nuru ilikuwa neno lao pendwa, na kutembea nuruni kulikuwa na maana ya kwenda kwa mtu fulani, mwenye jina, na kumwambia jambo fulani. Sisi wajukuu tumerithi salamu na nyimbo, lakini majembe yamebaki ghalani kwetu.

Janani Luwum alikuwa mlokole pia. Aliokoka mwaka 1948 akiwa mwalimu huko Acholi. Serikali ya Uganda haikuifanya siku ya kuokoka kwake kuwa sikukuu. Sikukuu ni tarehe 16 Februari, siku aliyouawa mwaka 1977, akiwa askofu mkuu, baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na dhuluma za askari wake. Yeye na maaskofu wenzake waliandika sentensi zenye watendaji na watendwa, na yeye akalipa kwa uhai wake.

Sitaki kuwapamba wazee wetu kupita kiasi. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, miongoni mwao William Nagenda, walifukuzwa kwa sababu hawakukubali kuacha ibada zao za alfajiri na kuwahubiria wenzao. Nikiwasoma nawapenda, lakini najua nisingependa kulala chumba kimoja nao. Walokole wengine waligeuza maungamo kuwa polisi. Walichunguza nani amevaa nini, nani amekopa, nani amekwenda ngomani, na wakasimamishana mbele ya watu mpaka aibu ikawa ndiyo Injili. Baba yangu aliikimbia dini ya Babu kwa sababu hiyo, na simlaumu. Anayesoma insha hii akidhani nataka tuanze kukaguana hostelini amenielewa vibaya. Hapa sizungumzii dhambi za siri za mtu na Mungu wake. Nazungumzia shilingi 640,000.

Lazima niseme neno juu ya Rwanda, ingawa naliandika kwa hofu, kwa kuwa tunao wenzetu wa huko katika mkusanyiko huu na wao wanayajua zaidi. Nchi ambamo uamsho ulizaliwa ilikuwa, mwaka 1994, nchi ya Wakristo kwa sehemu kubwa sana ya watu wake. Watu walikimbilia makanisani Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, na wakauawa humohumo, mara nyingi na majirani waliobatizwa kama wao. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana na padre Athanase Seromba walihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha. Wako pia Wakristo waliokataa kutengana kwa makabila na wakafa pamoja. Sifuti kumbukumbu yao. Ila swali linabaki: wauaji wale wangapi walikuwa na tarehe ya kuokoka? Na baadaye, gacaca zilipokaa hadi mwaka 2012, aliyepora mabati au ng'ombe wa jirani alitakiwa arudishe au alipe. Mahakama ya kijiji, iliyokaa majanini, ilikumbuka sura ya Zakayo ambayo makanisa mengi hutupigia kinanda juu yake.

Kuna jibu la pili ninalopewa, nalo ni fupi: usihukumu. Jamani. Kuhukumu ni kusema kijana yule ataingia motoni, na sijasema hivyo wala sijui. Kusema kwamba anadaiwa ni kusoma daftari. Waswahili walikwisha kusema dawa ya deni ni kulipa, na hawakuacha nafasi ya dawa mbadala. Na wale wanaosema Mungu amekwisha kusahau dhambi ile, nawaamini. Mungu anaweza kusahau kwa kuwa si yeye aliyepoteza muhula. Tulimnyima dada yule fedha, kisha tukamnyima hata haki ya kusamehe, tukaitumia sisi kwa niaba yake, kwa vinanda, akiwa kwao hana habari.

Hapa ndipo ninapolazimika kuandika sehemu ambayo nimekuwa nikiizunguka tangu mwanzo. Katika ushirika wetu fedha hazitolewi kwa saini moja. Zinatakiwa mbili, ya mweka hazina na ya katibu. Katibu ni mimi. Mwanzoni mwa muhula, ili nisisumbuliwe wakati wa majaribio, nilitia saini karatasi tano tupu nikamwachia. Sikuiba. Nimejirudia maneno hayo mara nyingi: sikuiba. Lakini hata hilo ni namna ya kujiweka nje ya sentensi. Fedha zile zilitoka kwa mkono wake na jina langu. Ijumaa ile nilipiga makofi kwa nguvu kwa sababu msamaha wake ulikuwa unanifunika na mimi, na nilijua.

Niliokoka, kama tunavyosema, nikiwa kidato cha pili, katika kambi ya sikukuu ya Pasaka. Naikumbuka siku hiyo na siikani. Nadhani Mungu aliniita kweli, kama alivyomwita yule wa mkuyuni. Lakini naanza kufikiri kwamba muda wote huu nimekuwa nikiteremka mtini na sijafika chini.

Mwezi uliopita nilimwendea kijana yule. Hakukasirika. Alisema atalipa Mungu akimfungulia mlango, na kwamba niwe nikimwombea. Nilimwambia nitamwomba yeye badala ya kumwombea, hakucheka. Nimeandika hoja kwa ajili ya mkutano mkuu wa ushirika: deni litajwe kwa kiasi chake katika kumbukumbu, mweka hazina na katibu waache nafasi zao, na tuligawe wao wawili tuliotia saini mpaka liishe. Wawili kati ya wajumbe wa kamati wamesema hoja hiyo itauaibisha ushirika mbele ya chuo. Mmoja amesema nina roho ya mashtaka.

Niliuza simu yangu nikanunua nyingine ndogo, nikamtumia dada yule shilingi 150,000 pamoja na ujumbe mrefu wa kumwomba radhi, uliotaja saini zangu tano. Nilikaa na simu mkononi jioni nzima nikisubiri aniambie amenisamehe. Jibu lilikuja saa nne usiku.

"Asante, kaka. Zimebaki 490,000. Usajili unafungwa tarehe 28."